Watoto Tisa, Ligi Inataka Kumi na Watano: Mwongozo kwa Klabu za Halingi za Kijijini

Kama umejikuta kwenye kamati ya watoto ya klabu ya halingi kijijini Ayalandi, kuna uwezekano mkubwa hukugombea. Mtu huanza kwa kumpeleka mwanawe mazoezini, akaombwa asaidie kukusanya koni, na mwaka unapoisha anasikia jina lake likisomwa kwenye mkutano mkuu. Sasa hata sisi tuliotoka Mombasa, Mwanza au Bukavu tunakutwa na mambo haya, na wengi tunapewa kazi ambayo wenyeji wenyewe imewachosha: kuingiza timu ya watoto kwenye ligi wakati watoto hawatoshi.

Kwa asiyeujua mchezo, halingi (hurling) huchezwa na watu 15 kila upande, kwa fimbo bapa inayoitwa camán na mpira mdogo wa ngozi uitwao sliotar. Mpira ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia chini yake ni pointi tatu. Ni mchezo wa kale sana, na tangu 2018 umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Unaendeshwa na GAA (Gaelic Athletic Association), chama cha michezo ya asili ya Ayalandi kilichoanzishwa mjini Thurles mwaka 1884, na hapa ndipo penye jambo la kuelewa kabla ya yote: klabu za GAA zimejengwa juu ya parokia. Kwa kawaida mtoto huchezea parokia anakoishi. Timu ya soka ikipungukiwa na mabeki huenda kuwatafuta mji wa pili. Wewe huwezi. Watoto ulio nao ni wale waliozaliwa au kuhamia ndani ya mipaka ileile ambayo babu zao waliigombania.

Sababu za upungufu zinajulikana: vijana wamefuata kazi Dublin, Cork, Galway au Sydney, vibali vya kujenga nyumba mashambani ni vigumu kupata, familia zimekuwa ndogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.1 nchini, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu katikati ya karne ya 19, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeangukia miji na vitongoji vyake. Kamati yako haitarekebisha sera ya makazi. Nimeona vikao vinavyomaliza saa nzima kwenye mada hiyo halafu vikaahirisha suala la nani atafungua geti Jumanne.

Hatua ya 1: Hesabu kwa mwaka wa kuzaliwa

Hii ndiyo hatua ambayo klabu nyingi huiruka, na ndiyo inayoamua zilizobaki zote. Klabu iliyo taabani hujiuliza "tutaingiza timu ngapi mwaka huu?" na kujibu kwa matumaini. Swali sahihi ni: waliozaliwa mwaka fulani ni wangapi, na watakuwa daraja gani la umri mwaka ujao, na mwaka wa tano kutoka sasa?

Anza na shule za msingi. Shule ya msingi ya Ayalandi ina madarasa manane, kuanzia mtoto wa miaka minne au mitano hadi wa kumi na mbili, na huko mashambani bado kuna shule zenye walimu wawili tu wanaogawana madarasa yote hayo. Wizara ya Elimu huchapisha idadi ya wanafunzi wa kila shule, kwa hiyo jumla unaweza kuipata bila kumsumbua mtu. Kwa mgawanyo wa kila darasa, mwombe mwalimu mkuu. Omba idadi tu, usiombe majina. Hana ruhusa ya kukupa majina, na ukiyaomba utamfanya awe na wasiwasi nawe tangu siku ya kwanza. Kwa wale ambao hawajaanza shule, ongea na kituo cha chekechea, na padri akukadirie ubatizo wa miaka ya karibuni, ukikumbuka kwamba siku hizi si kila mtoto anabatizwa.

Sasa chora jedwali: mstari mmoja kwa kila mwaka wa kuzaliwa, safu moja ya wavulana, moja ya wasichana, moja ya wale wanaokuja mazoezini kweli. Madaraja hupangwa kwa mwaka wa kalenda, kwa hiyo panga kwa mwaka wa kuzaliwa hata kama shule imekupa kwa darasa.

Chukua parokia ya kubuni yenye shule mbili na watoto 64. Ukigawa kwa madarasa manane, ni watoto wanane kwa mwaka, nusu yao wavulana: wanne. Timu ya chini ya miaka 13 inachukua miaka miwili ya kuzaliwa, yaani wavulana wanane. Wawili kati yao hawapendi michezo au wanapenda farasi. Umebaki na sita. Timu kamili yenye wachezaji wa akiba inataka 18. Kwa maneno mengine, ili uingize timu kamili unahitaji parokia tatu zinazofanana na yako, na hakuna kocha, hotuba wala jezi mpya itakayobadilisha hesabu hiyo.

Lakini jedwali hilohilo lina habari njema. Chini ya miaka 9, ambako wavulana na wasichana wanaweza kucheza pamoja, miaka miwili inakupa watoto 16. Wakija 12, una timu ya watoto saba na wengine wa kubadilishana nao. Chini ya 11, wakicheza tisa kwa tisa, bado unasimama peke yako. Kwa hiyo parokia hii ya mfano haina tatizo la watoto kwa ujumla. Ina tatizo linaloanza kwenye umri wa miaka 12 na kukua hadi 17, na dawa yake ni tofauti kwa kila umri. Kamati nyingi zinatibu umri wote kwa dawa moja: ama zinaungana na jirani kuanzia watoto wa miaka sita, na hapo wazazi wanachoka na safari na kuacha, ama zinakataa kuungana kabisa, na watoto wa miaka 14 wanakosa mechi.

Fanya hesabu hii kila mwaka, mwezi wa Oktoba. Ibandike ukutani klabuni.

Hatua ya 2: Punguza ukubwa wa timu kabla ya kutafuta jirani

Kwa wadogo, GAA yenyewe ina mfumo unaoitwa Go Games: timu ndogo za watu watano, saba au tisa kadiri umri unavyopanda, uwanja mfupi, kila mtoto anacheza, na hakuna jedwali la ligi wala kombe. Wapo wazee wanaodharau mfumo huu wakisema watoto hawajifunzi kushindana. Waache waseme. Kwa klabu ndogo hakuna kitu bora zaidi kilichowahi kubuniwa, kwa sababu mtoto wa tisa kati ya tisa anagusa mpira, wakati mtoto wa kumi na tano kati ya kumi na watano hukaa pembeni akichuma nyasi.

Shida huja ligi inapokuwa ya ushindani. Kaunti nyingi zina vitengo vya watu 13, 11 au hata 9 kila upande, ila klabu hujiandikisha kwenye kitengo cha 15 kwa sababu ya heshima. Halafu kufika Juni wanatoa ushindi wa mezani mara tatu mfululizo. Kocha wa timu pinzani amekasirika, watoto waliokuja wamevaa tayari wanarudi nyumbani, na wazazi wao hawatahangaika safari ijayo. Jiandikishe kwenye kitengo ambacho unaweza kukijaza hata siku ambayo wawili wana mafua na mmoja ana sherehe ya kuzaliwa. Kama kitengo hicho hakipo kwenye kaunti yako, andika barua kwa kamati ya vijana ya kaunti ukiungana na klabu nyingine mbili tatu ndogo. Barua ya klabu moja husomwa. Ya klabu nne hujadiliwa.

Kabla ya kila mechi, pata idadi siku mbili mapema kupitia kundi la wazazi. Ukiwa na 11 na mpinzani ana 16, mpigie kocha mwenzako simu siku hiyo, usingoje kumwambia uwanjani. Kwenye mechi za wadogo wengi watakubali kucheza 11 kwa 11 au kukuazima wachezaji wawili. Kwenye mashindano rasmi uliza kanuni kwanza.

Na kuna njia ya mkato ambayo kila kamati hujaribiwa nayo: kujaza pengo kwa watoto wa daraja la chini. Mtoto hodari wa miaka 12 anacheza chini ya 13, halafu chini ya 15, halafu kuna mpira wa miguu wa Kigaeli wa klabu hiyohiyo, shule nayo inamtaka. Kwa wiki atakuwa na mechi nne. Wa kwanza kuchoka ni yeye, na ndiye uliyemtegemea kwa miaka kumi ijayo. Wekeni idadi ya juu ya mechi kwa wiki, makocha wote wa klabu wakae meza moja, wasaini.

Hatua ya 3: Tafuta watu wazima, uwasajili ipasavyo

Usitafute nyota wa zamani. Nyota wa zamani ana magoti mabovu na hana subira na mtoto anayeshika fimbo kwa mkono usiofaa. Tafuta mzazi anayefika kwa wakati, anayejua majina ya watoto wote na anayeweza kufunga mikanda ya kofia ishirini bila kununa. Mchezo wenyewe atajifunza. Mimi mwenyewe nilikulia kwenye chandimu na sikuwahi kushika camán hadi utu uzima. Mbinu za msingi za kufundisha watoto wa miaka saba hazihitaji zaidi ya kozi ya mwanzo na kupenda watoto.

Karatasi ni lazima na hazina mjadala. Kila anayefundisha watoto lazima apitie uhakiki wa Garda, yaani polisi wa Ayalandi, kwa mujibu wa sheria ya 2012 iliyoanza kutumika 2016. Ayalandi ya Kaskazini ina utaratibu wake. Kisha afanye kozi ya GAA ya ulinzi wa watoto na kozi ya mwanzo ya ukocha. Uhakiki huchukua muda, hasa kwa aliyeishi nchi kadhaa, kwa hiyo uanze majira ya baridi. Hakuna kumweka mtu na watoto "kwa muda tu" akisubiri majibu. Klabu inapaswa kuwa na ofisa wa watoto, na ujumbe wote kwa walio chini ya miaka 18 upitie kwa wazazi. Kocha hamwandikii mtoto faraghani na hasafiri na mtoto mmoja peke yao garini. Hili la mwisho ni gumu kijijini ambako hakuna basi. Lipange kwa kuwaokota watoto wawili wawili, au mzazi mmoja awepo.

Watoto nao wasajiliwe kwenye Foireann, mfumo wa GAA wa mtandaoni, kabla ya kuingia uwanjani. Ikitokea ajali kwa mtoto ambaye hajasajiliwa, utajutia.

Hatua ya 4: Shule, lango, na ukuta

Mazoezi ya klabu ni mara moja au mbili kwa wiki. Shuleni watoto wapo siku tano. Klabu ndogo inayodumu ni ile ambayo mtu wake huingia shuleni kila wiki kwa saa moja, kwa kukubaliana na mwalimu mkuu, ikiwezekana pamoja na kocha anayeajiriwa na kaunti kwa kazi hiyo. Mfundishe kila mtoto, hata ambaye hatawahi kujiunga. Michezo ya shule za msingi ina chombo chake, Cumann na mBunscol, na shule ndogo zina mashindano ya ukubwa wao.

Simama langoni wakati wazazi wanawapokea watoto. Karatasi iliyotumwa ndani ya begi la shule hufikia ndizi iliyopondeka kabla ya kumfikia mama. Mwambie mzazi uso kwa uso: ni Jumamosi saa nne asubuhi, kofia na fimbo tutamwazima, ada ni kiasi hiki na kama ni nzito tuongee.

Halafu kuna ukuta. Halingi ni moja ya michezo michache ambayo mtoto anaweza kujinoa peke yake, na huko kijijini, ambako jirani wa rika lake yuko kilomita nne, hilo ni jambo kubwa. Klabu nyingi zimejenga kuta za zege za kupigia mpira. Kama hamna fedha, ukuta wa ubavuni wa ukumbi wa parokia unatosha, ukiomba ruhusa na ukihakikisha hauna madirisha. Mtoto apige kwa upande wa kulia, kisha kushoto, adake, arudie. Mpe changamoto ndogo ya wiki, matokeo yaandikwe na mzazi. Utashangaa ni nani anayekuja Jumamosi amebadilika.

Na mazoezi yenye watoto tisa wa umri tofauti, yaendeshwe vipi? Wachanganye rika mbili kwenye mazoezi, uwatenganishe kwenye mechi. Fanya michezo midogo ya wanne kwa wanne kwenye uwanja uliokatwa vipande, mmoja akizunguka kama mchezaji huru wa timu yenye mpira. Usipange foleni. Mtoto aliye kwenye foleni anajifunza kupanga foleni.

Hatua ya 5: Familia zilizohamia

Parokia inayosema haina watoto mara nyingi ina watoto ambao haijawaalika. Angalia nani anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, kwenye nyumba ya kulea wazee, kwenye hospitali ya mji wa karibu. Gort, mji mdogo wa kaunti ya Galway wenye halingi hadi kwenye mifupa, umekuwa na jamii kubwa ya Wabrazili tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, waliokuja kwa ajili ya viwanda vya nyama. Kwingine ni wauguzi kutoka Kerala, au Waukraini waliofika tangu 2022, au sisi.

Mifano ya walioingia na kung'aa ipo. Zak Moradi alizaliwa Ramadi, Iraki, kwenye familia ya Wakurdi. Alifika Carrick-on-Shannon mwaka 2002 akiwa mtoto, na mwaka 2019 alikuwa kwenye kikosi cha kaunti ya Leitrim kilichotwaa Kombe la Lory Meagher, mashindano ya daraja la chini ya timu za kaunti. Seán Óg Ó hAilpín, mzaliwa wa Fiji, alikuwa nahodha wa Cork ilipotwaa ubingwa wa Ayalandi nzima mwaka 2005. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa klabu yenye watoto tisa usemi huo hauna mafumbo.

Lakini mwaliko wenyewe una kazi. Nitasema ninachokijua kwa familia zetu. Kwanza, fimbo inatisha. Mama anaona watoto wakizungusha vipande vya mbao karibu na vichwa vya wenzao, na hakuna aliyemwambia kwamba kofia yenye wavu wa chuma usoni ni lazima kwa wachezaji wote tangu 2010. Mwonyeshe kofia, aishike, aipigepige. Pili, Jumapili. Ibada nyingi za makanisa yetu huanza asubuhi na haziishi saa sita. Mazoezi ya Jumapili saa tano yanawatoa watoto hawa bila mtu yeyote kukusudia. Kwa familia za Kiislamu, Jumamosi asubuhi inaweza kuwa saa za chuo cha Kurani. Uliza kabla ya kupanga ratiba. Tatu, magari: mzazi anayefanya zamu za usiku hawezi kuendesha kilomita kumi mchana huo. Mpangie mtoto usafiri bila kumfanya aombe kila wiki. Nne, usimtume mtoto barua; mpigie baba au mama simu, umwite kwa heshima, ujitambulishe wewe ni mzazi wa nani.

Na wewe msomaji ambaye ndiye mzazi huyo: njoo ukae ndani ya kamati. Malalamiko ya ratiba husikika vizuri zaidi yakitoka kwa anayeandika ratiba.

Hatua ya 6: Vifaa

Camán hutengenezwa kwa mti uitwao ash, jamaa wa mzeituni. Ugonjwa wa kuvu unaoua miti hiyo uligunduliwa Ayalandi mwaka 2012, na tangu hapo mbao nzuri zimekuwa adimu na fimbo zimepanda bei. Mianzi na fimbo za plastiki ngumu zinaziba pengo. Kwa watoto, plastiki haina ubaya. Klabu inunue kwa jumla na kuweka akiba ya kuazimisha: fimbo za inchi 24 hadi 32, kofia za saizi ndogo, mipira laini kwa walioanza. Mtoto akikua arudishe, achukue kubwa zaidi. Fimbo ikipasuka, mzee mmoja parokiani anajua kuifunga bati. Mtafute, utampa sababu ya kuja uwanjani. Fedha hutoka kwenye bahati nasibu ya klabu ya kila wiki, na serikali ina mpango wa ruzuku za vifaa na viwanja ambao hata klabu ndogo huruhusiwa kuomba.

Hatua ya 7: Kuungana na jirani, kwa maandishi

Jedwali lako la Oktoba limekuonyesha ni umri gani huwezi kusimama peke yako. Kwa umri huo tu, nenda kwa jirani. Usisubiri hadi Machi ukiwa umeshashindwa, maana anayekuja kuomba akiwa hana kitu hupewa masharti, na kamati ya kaunti ina tarehe zake za kupokea maombi ya timu za pamoja pamoja na vigezo vya idadi.

Tofautisha mambo mawili. Timu ya pamoja ni ya daraja moja au mawili, kwa msimu. Klabu zote mbili zinabaki hai. Muungano kamili ni klabu mbili kufa ili moja izaliwe. Muungano nao si balaa. Mwaka 1972, Ballyhale, Knocktopher na Knockmoylan huko Kilkenny ziliungana kuwa Ballyhale Shamrocks, na kufikia 2023 klabu hiyo ya kijijini ilikuwa imetwaa ubingwa wa klabu wa Ayalandi nzima mara tisa, zaidi ya klabu nyingine yoyote ya halingi. Huko Galway, Kilchreest na Peterswell zikawa St Thomas' mwaka 1968. Wakachukua ubingwa huo 2013 na tena 2024. Ila usianze huko. Uchumba wa timu ya watoto uende miaka kadhaa kwanza.

Upinzani utatoka kwa watu ambao hawana mtoto kwenye timu. Kuna fainali ya mwaka fulani, kuna mwamuzi, kuna mtu alivunjwa kidole, na haya yote yatarudi mezani kana kwamba yalitokea juzi. Usibishane na historia. Weka jedwali mezani na uulize: mtoto huyu wa miaka 14, mwenye jina hili, acheze wapi msimu ujao?

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja na kusainiwa na makatibu wote. Yataje jina la timu (wengi huchukua jina la mtakatifu asiye wa upande wowote, na ni busara), jezi, makocha kutoka kila upande, mazoezi kwenye uwanja upi wiki ipi, nani analipa basi, na kila mtoto atacheza kiasi gani. Hili la mwisho ndilo linalovunja timu. Klabu yenye watoto sita ikiungana na yenye kumi na wanne, ni rahisi mno wale sita wakawa wachezaji wa akiba, na ndani ya mwaka mmoja umepoteza hao sita uliounganisha timu kwa ajili yao. Andika dakika. Andika pia kwamba makubaliano yanapitiwa upya kila Oktoba kwa jedwali jipya, na klabu ikipata idadi ya kutosha inaruhusiwa kutoka bila ugomvi.

Usisahau wasichana. Kamogi, halingi ya wanawake, ina chama chake tangu 1904, na chama hicho kinalenga kuwa kitu kimoja na GAA ifikapo 2027. Kijijini mipaka ya timu za pamoja za wasichana mara nyingi si ileile ya wavulana, na familia yenye wote wawili hujikuta ikiendesha gari pande mbili jioni moja. Kaeni na kamati ya kamogi mpange jioni zilezile, uwanja uleule. Kuna familia utaziokoa kwa ratiba tu.

Hatua ya 8: Umri wa miaka 13 hadi 17

Hapa ndipo unapowapoteza, na kwa klabu ndogo kijana mmoja akiacha huchukua rafiki yake. Wengine huenda kufanya kazi Jumamosi, wengine wamechoka kukaa benchi, wengine sekondari yao iko mji mwingine wenye timu nyingine. Wape sababu mbili za kubaki. Ya kwanza ni mechi za uhakika, hata za kirafiki, hata za saba kwa saba siku ya Ijumaa jioni zenye muziki na chipsi. Ya pili ni kazi yenye hadhi: wafundishe kuamua mechi za wadogo, wasaidie makocha, wavae koti la klabu wakifanya hivyo. Kijana anayeitwa "kocha" na mtoto wa miaka saba haachi klabu kirahisi.

Anayeacha, mpigie mzazi simu ndani ya wiki mbili, bila lawama. Uliza sababu, iandike. Mwachie mlango wazi: usajili wake ubaki, fimbo abaki nayo. Wapo wanaorudi wakiwa na miaka 16.

Kwenda mkutano mkuu

Klabu nyingi hufanya mkutano mkuu Novemba au Desemba. Nenda na karatasi moja: jedwali la miaka ya kuzaliwa upande mmoja, na upande wa pili maombi matatu tu. Kitengo gani cha ligi kwa kila umri. Umri gani uingie timu ya pamoja na nani. Na majina ya watu wazima watakaoanza uhakiki mwezi huo, yakisomwa wakiwepo chumbani ili wakubali kwa sauti. Omba kura kwa kila moja kabla ya chai kuletwa, kwa sababu baada ya chai watarudi kwenye ile fainali.